Mlango Alioufuta Ulimboka

Siku tuliyomzika Ulimboka hapa Mikumi, bwana mmoja aliyejifanya kumjua sana alisimama akaeleza jinsi marehemu alivyonyimwa chuo na wakoloni. Hawakutaka Mwafrika asomee kuchora majumba, akasema, wakamkatalia. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi niliuma ulimi, maana msibani si mahali pa kubishana, lakini damu ilinichemka. Wakoloni walitutenda mengi na mimi si wa kuwatetea. Hili hawakulitenda. Ulimboka alipewa nafasi, na kitanda cha kulalia pia. Hakwenda, na sababu ya kutokwenda naijua kwa kuwa nilikuwepo.

Jina langu Letisia, Mvidunda wa huko mlimani. Filomena, mke wa Ulimboka, alikuwa dada yangu wa tumbo moja, na mimi ndiye niliyemfuata kwa kuzaliwa.

Nianze na baba yake Ulimboka, maana mambo yote yalianzia kwake. Mzee Lupakisyo, Mnyakyusa, aliletwa kutoka Rungwe akiwa kijana, manamba yaani kibarua wa mkataba, ndani ya lori lililofunikwa turubai. Akakata mkonge katika shamba moja kubwa upande wa Kilosa. Mkataba ukaisha akafunga mwingine, ukaisha akafunga mwingine tena, hadi kurudi kwao kukawa hadithi ya kusimulia watoto. Mkewe alikufa mapema. Akabaki na mtoto mmoja na wazo moja, kwamba mtoto huyo asishike kisu cha mkonge maisha yake yote. Wenzake walipokuwa wakinywa pombe Jumamosi yeye alikuwa akishona viraka kwenye kaptula yake, kwa kuwa ujira ulikuwa umekwenda shuleni kwa mapadre. Walimwita Baba Profesa. Alicheka nao, na Jumamosi iliyofuata akashona kiraka kingine. Ni mtu mkaidi kuliko wote niliowahi kuwajua, na nilimpenda.

Ulimboka akafika darasa la kumi na mbili. Vijana wa leo hawawezi kujua maana yake, kwani siku hizi kila nyumba ina mwenye cheti anayekaa kibarazani. Wakati ule, katika kambi nzima ya mkonge, alikuwa peke yake. Akafaulu mtihani wa Cambridge, na katika hisabati akafaulu vizuri mno.

Alichotaka kusomea hatukuwa hata na jina lake. Alitaka kupanga ardhi: miti isimame wapi, maji ya mvua yapite wapi, nyumba zitazame upande gani. Alipokuwa akipanda Vidunda kumposa dada yangu, alisimama katikati ya njia akitazama jinsi watu wetu walivyoziweka nyumba zao mgongoni mwa mlima, mashamba yakishuka chini yake. Mama yetu akauliza ni mchumba gani huyu anayetazama mteremko badala ya msichana. Filomena akasema mwacheni, mteremko haumnyang'anyi mtu mume.

Aliyemweleza habari za vyuo ni Mwalimu Oswald, aliyemfundisha kuchora shuleni. Kazi hiyo ya kupanga ardhi na miti na nafasi zilizo kati ya nyumba ipo, Mwalimu akamwambia, na ina shahada yake kamili, lakini inafundishwa Uingereza na Marekani. Upande huu wetu hakuna chuo kinachoitoa. Ndugu yake wa karibu ni usanifu wa majengo. Huo ulikuwa umeanza kufundishwa katika chuo kipya kule Nairobi, miaka mitano, na mwisho wake mtu anafanya mtihani wa chama cha wasanifu wa London. Wengine walisema hiyo ni shahada, wengine walisema ni sawa na shahada, na Mwalimu alisema tofauti yake ni ya kubishania ukishamaliza. Ulimboka aanzie hapo. Akifuzu majengo, safari ya kwenda kusomea ardhi na miti itakuwa fupi.

Masharti ndiyo yaliyokuwa marefu. Cheti chenye Kiingereza na hisabati za daraja la juu. Somo moja la sayansi. Michoro ya mkono wako mwenyewe. Na kwa mtu kama yeye, ambaye hajapata kuingia ofisi ya wachoraji, mwaka mzima wa kazi ya ujenzi chini ya mtu anayetambulika, naye aandike barua kuthibitisha. Cheti alikuwa nacho, michoro alikuwa nayo tele. Kilichobaki ni huo mwaka, na mtu pekee aliyeweza kumpa alikuwa meneja wa lile lile shamba la baba yake.

Meneja akamchukua, na si kwa huruma. Mkaguzi wa serikali alikuwa amelalamikia vibanda vya zamani vya manamba, na shamba lilitakiwa kujenga kambi mpya ya wafanyakazi wenye wake. Meneja alihitaji mtu wa kuchora kwa mshahara mdogo. Akamwambia barua yake ataipata kambi ikisimama. Ulimboka akaja nyumbani akicheka peke yake. Wakati huo alikuwa ameshamwoa dada, mtoto wao Teresia anatambaa, na mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Vidunda kumsaidia Filomena kulea.

Sasa niseme habari ya mkwe, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mwana na baba wa mume hawaonani. Sisemi hawataniani, nasema hawaonani. Mkwe hamtazami mzee usoni, hasemi naye, hataji jina lake, hapiti mahali alipo. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, kubwa kuliko shikamoo zote. Mzee hukohoa kabla ya kukata kona ili binti apate nafasi ya kuondoka, na binti akisikia kikohozi hicho hujitanda khanga kichwani na kuingia ndani. Sisi Wavidunda hatuna hilo kwa ukali wa namna ile. Mara ya kwanza nilipomwona dada ametumbukia kichakani na debe la maji kichwani kwa sababu ya kikohozi, nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa mgeni kwa watu wa mumewe, akajifunza kwa bidii kuwashinda wenyeji. Wanyakyusa wenyewe pale kambini walikuwa wameanza kulegeza, lakini waliwatolea binti zao mfano wake.

Huko Rungwe, nasikia, migomba ni mingi na nyumba zimeachana, heshima hiyo ina nafasi. Kambini milango yote ilitazama barabara moja. Dada alikuwa akikaa ndani jioni nzima, moshi umejaa, kwa sababu tu mzee alikuwa amekuja kumsalimia mwanawe na wamekaa nje mlangoni. Mzee alijua, na ilimuuma. Akaanza kuja mara chache.

Kwa hiyo mchoro wa kwanza wa Ulimboka ulikuwa na milango miwili. Nyumba ndefu, vyumba viwili kwa kila familia, paa moja la nyasi kwa safu nzima. Mlango mbele, mlango nyuma. Nyuma ua mdogo, jiko limesimama mbali na paa, na mstari wa miarobaini wa kuleta kivuli. Alimwonyesha baba yake karatasi ile akiwa ameitandaza juu ya goti. Mzee Lupakisyo hakujua kusoma, lakini mlango wa nyuma aliuelewa kabla hajamaliza kuelezwa. Akaweka kidole juu yake, akakaa nacho hapo. Kisha akaenda kuwatangazia wenzake kwamba mwanawe amewakumbuka wake zao kabla hata hajafika chuoni.

Meneja alipoletewa mchoro huo aliukataa, lakini hakufoka. Watu hupenda kusimulia wazungu wanaofoka. Yule alizungumza taratibu. Alisema kila alfajiri nyapara hupita mbele ya milango kuwatoa watu kwenda kazini, na mtu asiyetaka kazi inabidi atokee pale pale mbele ya macho yake. Mlango wa nyuma ni wa wategaji. Miti itakula ardhi ya mkonge. Majiko ya nini, wanawake si hupikia chini ya upenu? Akamrudishia karatasi na kusema mchoro ukiwa sawa ujenzi utaanza, na ujenzi ukiisha barua itaandikwa.

Ulimboka angeweza kubishana. Angeweza hata kusema mlango mmoja tu kwa kila nyumba, lakini jiko libaki nyuma. Badala yake alirudi kwenye meza yake, akachukua raba, akafuta mlango, akafuta ua, akafuta jiko na miti, mchana huo huo. Alituambia mwenyewe.

Filomena akauliza, "Mlango wangu uko wapi?"

"Nitaurudisha nikishasoma," Ulimboka akasema. "Nikiwa msanifu kamili hakuna atakayenifutia."

Dada akamuuliza kwa miaka mitano hiyo yeye apitie wapi. Shemeji akasema tu baba asiambiwe kwa sasa, kwani atavunjika moyo. Dada akakubali. Alikuwa mke wa namna hiyo, na kwa hilo mimi sikumsifu.

Kambi ikasimama. Mzee Lupakisyo alibaki katika vibanda vya zamani, na nyuma ya safu mpya hakuwahi kufika kwa kuwa huko ndiko wanawake walikooga. Akaendelea kujisifia mlango asiouona, wala wenzake hawakuwa na moyo wa kumsahihisha. Barua ikaandikwa, nzuri kweli kweli, Ulimboka akatusomea. Akaifunga pamoja na cheti na michoro, vikaenda Nairobi. Majibu yakaja: amekubaliwa, afike mwanzo wa muhula. Mzee Lupakisyo alipoambiwa alikwenda kukaa peke yake nyuma ya korona, ile mashine ya kusaga mkonge, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni uvundo wa maji ya mkonge.

Moto ulitokea kabla ya mvua za vuli, nyasi zikiwa zimekauka na upepo unavuma kutwa. Wanawake wote wa safu ile walipikia chini ya upenu, mbele, hakukuwa na pengine. Ulimboka alikuwa ametumwa huku Mikumi kupima kiwanja kando ya barabara. Filomena alikuwa na homa, amelala chumba cha ndani. Mimi nilimbeba Teresia mgongoni nikaenda mtoni kufua. Kwa jirani, nyumba kama ya nne kutoka kwetu, jiko likarusha cheche kwenye upenu.

Paa lilikuwa moja, nimeshasema. Moto ukatembea juu yake kutoka nyumba hadi nyumba. Wanaume waliokuwa wamemaliza ngwe zao za siku walikimbia, na Mzee Lupakisyo aliwatangulia wote. Akafika mlangoni kwa mwanawe. Hakukohoa safari hii. Aliita, "Mwanangu, toka. Toka nje." Ndiyo maneno pekee aliyowahi kumwambia mkwewe.

Yaliyofuata alitusimulia yeye mwenyewe, mara nyingi kupita kiasi, kwa maneno yale yale. Filomena alitoka chumba cha ndani hadi cha mbele, anayumba. Akainua macho, akamwona baba mkwe wake amesimama mlangoni. Akavuta khanga juu ya kichwa, akageuka, akarudi ndani. Mzee akang'amua kosa lake. Akaondoka pale mlangoni mbio ili ampishe, akakimbilia nyuma ya safu, akiamini kwamba kama binti hakupita mbele basi atapita nyuma. Safu ilikuwa ndefu na yeye alikuwa mzee. Alipofika nyuma alikuta ukuta mtupu. Akaupiga kwa mikono. Paa likaanguka akiwa anaupiga.

Nilirudi kutoka mtoni nikakuta watu wamesimama, hakuna anayelia bado. Sitasema zaidi juu ya siku ile.

Tulimzika. Ulimboka alikuwa kama mtu aliyepigwa rungu na hajaanguka. Shamba likaleta sanda na gunia la unga, na nyapara akasema pole kwa niaba ya meneja. Baada ya wiki chache mafundi walianza kuisimamisha tena safu ile ile kwa mchoro ule ule, kwa kuwa mchoro ulikuwepo na ulikuwa umeshapitishwa.

Mzee Lupakisyo akakatika vipande viwili. Kipande kimoja kilijilaumu. Alisema amemuua mkwewe kwa kusimama mlangoni. Wanyakyusa wengine walimwambia kosa lake ni kumwita, wengine wakamwambia mila imepitwa na wakati, na hakuna aliyemsaidia. Akaacha kula na watu. Kipande cha pili kilimlaani meneja. Wazungu wamemwibia mwanangu mlango, alisema. Mwanangu aliuchora, mimi niliuona kwa macho yangu, wao wakajenga ukuta. Na katika hicho kipande cha pili alikuwa na faraja moja tu: Ulimboka anakwenda Nairobi, akirudi atakuwa mtu ambaye mchoro wake hauguswi. Alimhimiza. Alimfungia sanduku kwa mikono yake.

Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilimwona mzee anakonda kwa kujibebesha mauti peke yake, na mwanawe amekaa kando akipokea pole, amevaa nguo zilizopigwa pasi. Nikamwambia Ulimboka, shemeji, mwambie baba yako nani alifuta. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sitatafuta maneno laini. Niliamini ukweli utampunguzia mzee mzigo. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hupenda kuamini hivyo. Ulimboka akasema atamwambia. Zikapita siku, hakumwambia.

Asubuhi ya safari lori la shamba lilikuwa likipakia singa, zile nyuzi za mkonge, za kupeleka stesheni ya Kilosa, na Ulimboka alitakiwa kupanda humo akawahi gari moshi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya kibanda chake, sanduku liko miguuni. Mimi nilisimama nyuma yake na Teresia kiunoni. Mzee alikuwa akimwagiza, kama alivyomwagiza kila siku, kwamba huko aendako asiwasahau waliokosa milango. Nikamtazama shemeji yangu machoni. Akakaa chini, chini kabisa kwenye vumbi na suruali yake ya safari.

"Baba, meneja hakuuiba mlango," akasema. "Alikataa, nami nikaufuta. Niliogopa hataniandikia barua."

Mzee hakuelewa mara moja, au hakutaka. Akauliza, "Uliufuta kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Hawakukushika mkono?"

"Hawakunishika."

"Na mama Teresia alijua?"

Ulimboka akaitikia kwa kichwa. Nilitegemea mzee ang'ake, au alie, au hata achukue fimbo. Nilitegemea pia, Mungu anisamehe, kuona mabega yake yakiinuka kidogo kwa kuwa sasa hatia ilikuwa na mtu mwingine wa kuibeba. Hayakuinuka. Kile kipande chake cha pili, kilichokuwa kikimlaani meneja na kumsubiri mwanawe, kilikufa pale pale mbele yangu, na cha kwanza kikabaki kama kilivyokuwa. Miaka yote ya viraka ilikuwa usoni mwake.

Dereva akapiga honi. Mzee akainama, akashika sanduku kwa mkono wake, akalisukuma taratibu hadi likagusa magoti ya Ulimboka.

"Nenda basi," akasema. "Wazungu walitaka kujua kama unafaa. Umeshawaonyesha."

Akainuka, akaingia ndani ya kibanda. Ulimboka akabaki amekaa mavumbini na sanduku lake. Honi ikapigwa tena, mtu akaliita jina lake kutoka juu ya lori, akaliita mara ya pili, kisha lori likaondoka.